Kabla Hujainua Mkono: Ushauri kwa Wanaotaka Kununua Mataji na Vito vya Kale Mnadani

Kwetu pwani, ukimwambia mtoto "tiara" atakuletea karatasi, njiti na uzi. Wazungu neno hilohilo wamelipa taji la kike la almasi, na hilo ndilo linalonijazia barua. Mama anayeoza binti Maskati anauliza. Sonara wa Mombasa aliyetumwa na mteja wa Dubai anauliza. Dada mmoja wa Arusha, ambaye hana hata mpango wa kununua, naye anauliza, kwa sababu aliona picha kwenye simu na hajalala vizuri tangu siku hiyo. Swali lao ni moja: je, mtu asiye wa ukoo wa kifalme anaweza kununua taji la kifalme mnadani, na atajuaje kwamba hajauziwa mbuzi kwenye gunia?

Anaweza. Ila taji nalo, kama tiara ya mtoto, lina uzi wake. Uzi huo ni nasaba ya kito: nani alilitengeneza, nani alilimiliki, nani aliligusa kwa koleo baada ya hapo. Hatua zote ninazozieleza hapa chini ni za kuushika uzi huo kabla ya kutoa pesa.

"Lakini hayo si ya wafalme?"

Wafalme wenyewe huyafuata mnadani. Januari 1959, Princess Margaret, mdogo wake Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, alinunuliwa taji la Poltimore mnadani kwa pauni 5,500. Masonara wa Garrard walilitengeneza katika miaka ya 1870 kwa ajili ya mke wa Baron Poltimore, bwana mwenye cheo lakini asiye wa ukoo wa kifalme. Margaret akalivaa siku ya harusi yake, Mei 1960. Alipofariki, watoto wake wakalipeleka mnadani tena, Christie's ya London, Juni 2006. Safari hii mnunuzi alilipa pauni 926,400.

Serikali nazo huuza. Mwaka 1887 Jamhuri ya Ufaransa ilinadi sehemu kubwa ya vito vya taji la nchi, na Tiffany wa New York akawa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Kwa hiyo ukisikia kito "kilikuwa cha malkia fulani" na leo kinauzwa, usidhani lazima kimeibiwa. Usidhani pia kwamba lazima ni kweli.

Kipi kina hadhi ya hazina ya kifalme?

Wengi hudhani ni ukubwa wa almasi. Wanaonunua kwa niaba ya nyumba za kifalme na makumbusho huangalia mambo haya:

1. Nasaba iliyoandikwa. Picha ya zamani ya mwenye mali amelivaa, risiti ya sonara, orodha ya mirathi. Masimulizi ya familia peke yake hayatoshi.
2. Ukamilifu. Seti ya taji, kidani, hereni na pini ya kifuani ambayo haijagawanywa kwa warithi ni nadra. Kasha la asili, lenye vyumba vilivyokatwa kwa umbo la kila kipande, huongeza thamani. Wakati mwingine ndani yake kuna bisibisi ndogo.
3. Kugeuka. Mataji mengi ya karne ya 19 yalitengenezwa yafunguke: maua yakawa pini za kifuani, na taji lote likawa kidani. La Poltimore ni la aina hiyo.
4. Mawe asilia yasiyotiwa dawa wala kuchomwa.
5. Mikono iliyolitengeneza. Garrard, Chaumet, Cartier, Boucheron, Fabergé. Majina haya yanaghushiwa sana, hasa Fabergé.

Huhitaji yote matano. Mwenye mfuko mdogo achague mawili na ayashikilie. Mimi humshauri aanze na pini ya kifuani ya karne ya 19, au utepe mwembamba wa almasi unaovaliwa chini ya nywele za mbele. Hapo atajifunza kwa bei ya pikipiki badala ya bei ya nyumba.

Wapi, na lini?

Mnada mkubwa wa vito hukaa Geneva mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. New York, London, Hong Kong na Paris nayo ina misimu yake. Nyumba kubwa za mnada ni Sotheby's, Christie's na Bonhams, lakini kuna nyumba ndogo za mikoani Ulaya ambako vitu vizuri hupita kimya. Kabla ya kila mnada kuna siku za maonyesho ambapo yeyote anaweza kuingia bure, kuomba kito kitolewe kabatini na kukishika. Ndizo siku muhimu kuliko siku ya mnada wenyewe.

Hatua ya kwanza: soma katalogi kama unavyosoma mkataba

Maneno ya katalogi yamepimwa na mwanasheria. Angalia tofauti hizi:

- "Na Cartier" maana yake nyumba ya mnada inasimama nyuma ya jina hilo.
- "Sahihi ya Cartier" maana yake kuna maandishi hayo kwenye kito. Maandishi yanaweza kuchongwa na yeyote mwenye kalamu ya chuma, kwa hiyo uliza kama wameyathibitisha.
- "Linadhaniwa kuwa la Cartier" ni kauli ya kukisia.
- "Kwa mtindo wa" maana yake si lake.
- "Inasemekana lilikuwa la Malkia fulani" maana yake hakuna karatasi.
- "Lina marekebisho ya baadaye" linaweza kuwa skrubu moja au nusu ya taji.

Nyumba kubwa kwa kawaida hutoa dhamana ya miaka 5 kwamba kitu ni halisi, lakini dhamana hiyo mara nyingi hushika kile kilichoandikwa kwenye kichwa cha maelezo tu. Hadithi nzuri iliyo aya ya tatu haimo.

Kisha omba ripoti ya hali ya kito. Ni bure, na huja kwa barua pepe. Uliza waziwazi: Mawe yote ni ya asili ya kito hiki? Kuna lililobadilishwa? Kuna lehemu mpya? Fremu ya kichwani ni ya zamani? Uzito wa mawe umepimwa yakiwa nje, au umekadiriwa yakiwa ndani? Wakijibu "haiwezekani kujua", hilo nalo ni jibu, na liingie kwenye bei yako.

Hatua ya pili: geuza taji uone mgongo wake

Nilijifunza hili kwenye benchi la sonara mmoja wa Mombasa, mzee ambaye hakuwahi kusifia kitu kabla ya kukigeuza. Siku moja aliletewa taji dogo na mama aliyekuwa ameambiwa ni la bibi mmoja wa Kiingereza wa mwaka 1890. Katikati kulikuwa na jiwe la buluu, zuri. Mzee akaligeuzageuza mbele ya dirisha, nalo likabadilika kutoka buluu kuwa zambarau. Akalipindua taji, akaweka kioo chake cha kukuzia jichoni. Mgongo mzima ulikuwa umefifia kwa umri, isipokuwa kuzunguka jiwe la kati, ambako lehemu ilikuwa inang'aa kama jana. Akamwambia taratibu, "Mama, jiwe hili limejulikana duniani mimi nikiwa tayari nimeoa."

Lilikuwa tanzanaiti. Jiwe hilo lilipatikana Mererani mwaka 1967, na popote linapoonekana kwenye kito cha "enzi ya Malkia Victoria", ama kito ni kipya ama jiwe limepachikwa baadaye. Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo. Kadhalika tsavoriti ya kijani, ambayo ilianza kujulikana Tanzania mwaka huohuo wa 1967 na baadaye Kenya.

Beba kioo cha kukuza mara 10 na utafute haya:

- Madini. Kabla ya karne ya 20, almasi kwa kawaida zilipachikwa kwenye fedha ili zionekane nyeupe, na nyuma ikawekwa dhahabu ili fedha isichafue ngozi na nguo. Platinamu ilienea kwenye vito kuanzia miaka ya 1900. Taji la "1850" lililo la platinamu tupu lina maswali ya kujibu.
- Mkato wa almasi. Almasi za kale zilikatwa kwa mkono. Hazilingani, nyingi zina umbo la mto wa kulalia, na ukiangalia katikati kwa juu utaona kiduara kama tundu la sindano, maana ncha ya chini ilikatwa. Ukiona zote ni za duara kamilifu na zimefanana kama sare za shule, ni za kisasa.
- Mgongo uliofungwa. Vito vya karne ya 18 na mwanzo wa ya 19 mara nyingi vina mawe yaliyozibwa nyuma, na ndani yake karatasi ya madini ya kuongeza mng'ao. Hivi usivitie majini kamwe. Maji yakiingia, jiwe hufifia na hakuna wa kukurudishia.
- Lehemu. Lehemu ya kijivu kwenye dhahabu ni dalili ya fundi wa haraka.
- Alama za madini. Kichwa cha tai kwenye dhahabu ya Ufaransa, kichwa cha mbwa kwenye platinamu ya Ufaransa, namba 56 kwenye dhahabu ya Urusi ya kale. Alama ikiwa kali mno huku kito kimechakaa, jiulize.
- Springi. Maua mengine yalifungwa juu ya springi ndogo ili yatikisike mvaaji anapotembea. Liguse ua kwa ncha ya kidole. Likigoma, springi imevunjika au imeunganishwa.

Kubadilishwa kwa mawe si jambo la vijiduka tu. Napoleon alimpa mkewe Marie-Louise seti ya zumaridi na almasi walipooana mwaka 1810. Taji la seti hiyo lilipofika mikononi mwa Van Cleef & Arpels karne ya 20, zumaridi zake 79 ziling'olewa zikauzwa moja moja katika vito vipya, na mahali pake zikawekwa feruzi 79. Leo liko makumbusho ya Smithsonian, Marekani, likiwa na feruzi hizohizo. Makumbusho yanasema wazi. Muuzaji wako huenda asiseme.

Hatua ya tatu: dai cheti cha maabara, kisha ukisome

Macho ya sonara hayatoshi kwa mawe makubwa. Maabara zinazoheshimika mnadani ni SSEF na Gübelin za Uswisi, na GIA ya Marekani. Kwa lulu, Bahrain wana maabara yao ya DANAT, na si ajabu: lulu nyingi za mataji ya Ulaya zilitoka Ghuba, zikazamiwa na wapiga mbizi ambao baadhi yao asili yao ni pwani yetu.

Kwenye cheti tafuta mambo manne:

- Lulu: ya asili au ya kufugwa? Lulu za kufugwa zilianza kujaa sokoni miaka ya 1920. Kwa jicho hutofautishi. Inahitaji picha ya eksirei. La Peregrina, lulu ya wafalme wa Hispania, mwigizaji Richard Burton aliinunua mnadani mwaka 1969 kwa dola 37,000 akamzawadia mkewe, Elizabeth Taylor. Mwaka 2011 kidani chake kiliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 11. Lulu ya kufugwa haifiki huko hata ingevaliwa na nani.
- Zumaridi: ina mafuta kiasi gani? Nyingi hutiwa mafuta kuficha nyufa. Kidogo si aibu. Isiyotiwa kabisa ni ghali sana.
- Yakuti nyekundu na ya samawi: imechomwa moto au la?
- Tarehe ya cheti. Cha miaka 20 iliyopita kiombewe kipya. Mafuta huongezwa, na ujuzi wa maabara nao umekua.

Msemo wa "ni ya kale kwa hiyo si ya kutengenezwa" usiuamini. Yakuti za kutengenezwa kiwandani zilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1900, na zimo ndani ya vito halali kabisa vya zama hizo.

Hatua ya nne: tenganisha bei ya jina na bei ya kito

Kila kito cha kifalme kina bei tatu ndani yake: ya madini na mawe, ya ufundi, na ya jina. Mbili za kwanza sonara mzuri anaweza kukukadiria. Ya tatu haina dari. Kidani kidogo cha lulu na almasi cha Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa kilikadiriwa dola milioni 1 hadi 2 Geneva, Novemba 2018. Kiliuzwa kwa dola milioni 36. Vito vya Duchess of Windsor, mke wa mfalme wa Uingereza aliyejiuzulu, Geneva 1987, vilikadiriwa takriban dola milioni 7 vyote kwa pamoja, vikaingiza karibu 50.

Ukitaka kulipia jina, lipia. Ni haki yako. Ila fanya hivi kwanza: andika bei ambayo ungelipa kama kito hicho kingekuwa cha mke wa mfanyabiashara wa Lyon asiyejulikana. Tofauti kati ya namba hiyo na makadirio ndiyo unayolipia karatasi za nasaba. Basi karatasi hizo ziwe mkononi mwako, ziwe nzito kulingana na pesa unayotoa.

Hatua ya tano: piga hesabu mpaka mlangoni kwako

Hapa ndipo wengi huumia. Bei anayogongea mnadi nyundo si bei utakayolipa. Juu yake kuna ada ya mnunuzi, ambayo kwenye nyumba kubwa mara nyingi hufikia robo ya bei hiyo au zaidi kwa vitu vya bei ya kawaida. Tuseme umeshinda kwa faranga 40,000 za Uswisi:

- Bei ya nyundo: 40,000
- Ada ya mnunuzi, tuseme asilimia 26: 10,400
- Usafiri na bima, tuseme: 1,500
- Jumla kabla ya mpaka: 51,900
- VAT ya asilimia 18 kama unaingiza Tanzania: 9,342
- Jumla: 61,242, na bado ushuru wa forodha

Kwa hiyo mwenye 61,000 mfukoni asiinue mkono 40,000 ikipita, na kwa kweli angesimama chini ya hapo. Zungumza na wakala wa forodha kabla ya mnada, umwonyeshe picha na umri wa kito, akupe makadirio kwa maandishi. Kenya VAT ni asilimia 16. Nchi za Ghuba zina viwango vyao.

Kosa jingine la hesabu: makadirio ya katalogi hayana ada ndani yake, lakini bei zinazotangazwa baada ya mnada huwa nayo. Ukilinganisha mbili hizo bila kujua, utadhani kila kitu kinauzwa juu ya makadirio.

Hatua ya sita: siku ya mnada

- Jiandikishe mapema, siku kadhaa kabla. Wataomba pasipoti, uthibitisho wa anwani, barua ya benki, na pengine amana.
- Chagua njia: kuwapo ukumbini, simu, intaneti, au kuacha bei yako ya juu kwa maandishi. Mwenye mtandao wa kusuasua achague simu au maandishi. Nimeona mtu amekwama kwenye kiduara kinachozunguka huku nyundo ikigongwa.
- Andika kikomo chako kwenye karatasi, umpe mtu unayemwogopa kidogo. Mama mkwe anafaa.
- Fahamu kwamba muuzaji huweka bei ya chini ya siri, na mnadi ana ruhusa ya kuinua bei kwa niaba yake mpaka karibu na hapo. Si kila bei unayoisikia ina mtu nyuma yake.
- Kito kisipouzwa, usiondoke. Kesho yake piga simu utoe bei. Wauzaji waliokata tamaa husikiliza.
- Malipo hudaiwa haraka, mara nyingi ndani ya siku 7. Hamisho la benki kutoka kwetu linaweza kuchelewa kwa maswali ya benki, kwa hiyo waarifu benki kabla.

Sheria zinazoweza kukunyang'anya kito ulicholipia

*Kibali cha kutoa nchini.* Mwaka 2012 mwimbaji wa Marekani Kelly Clarkson alinunua mnadani London pete ya mwandishi Jane Austen kwa pauni 152,450. Serikali ya Uingereza ikazuia isitoke kwa muda, makumbusho ya Jane Austen yakachangisha pesa, na pete ikabaki. Alirudishiwa pesa yake, lakini pete hakuondoka nayo. Uliza mapema nani anaomba kibali na kinachukua muda gani.

*Wanyama.* Vichana vya kushikia taji nywelini vilitengenezwa mara nyingi kwa gamba la kasa, na vito vingine vina pembe za ndovu au marijani. Usije ukafika nazo Dar au Nairobi ukidhani umri wake utakutetea. Uliza, upate vibali kwa maandishi, au uache.

*Mali ya kuporwa.* Mwaka 2021 nyumba moja ya mnada Uingereza iliondoa vitu vilivyoporwa Maqdala, Ethiopia, mwaka 1868, baada ya serikali ya Ethiopia kulalamika. Mwaka 2023 Christie's iliuza vito vya tajiri Heidi Horten wa Austria kwa zaidi ya dola milioni 200, kisha ikafuta mauzo yaliyobaki kutokana na lawama kwamba utajiri wa mumewe ulitokana kwa sehemu na kununua biashara za Wayahudi waliolazimishwa kuuza enzi ya Wanazi. Omba uthibitisho kwamba kito kimekaguliwa kwenye Art Loss Register, orodha ya mali zilizoibwa. Kama kuna pengo la miaka ya 1933 hadi 1945 katika nasaba, uliza pengo hilo.

*Mali ya wizi.* Taji la lulu la Eugénie, mke wa kaizari wa Ufaransa, lilinunuliwa mnadani mwaka 1992 kwa ajili ya makumbusho ya Louvre. Tarehe 19 Oktoba 2025 wezi waliliiba pamoja na vito vingine 7. Kitu kinachojulikana hivyo hakiuziki kizima, na hatari ni kwamba kitavunjwa. Ukitumiwa kwenye WhatsApp picha za "lulu za kale kutoka Ulaya, bei ya haraka", futa.

Mnayoniuliza zaidi

"Je, ni uwekezaji?" Ukinunua na kuuza ndani ya miaka michache, ada za pande mbili zitakula faida. Nunua unachotaka kuvaa au kurithisha.

"Si bora sonara wangu anitengenezee jipya?" Mara nyingi ndiyo, kama unachotaka ni mng'ao wa siku moja. Kwa pesa ileile utapata mawe mengi zaidi. Taji la kale unalipia mikono na miaka.

"Naweza kulibadilisha lifae kichwa changu?" Badilisha fremu tu, na fremu ya asili uitunze kwenye kasha. Usiongeze wala kupunguza jiwe. Anayekuja baada yako atageuza mgongo kama ulivyogeuza wewe.

"Ninavaa mtandio. Litakaa?" Litakaa. Mataji mengi hushonewa utepe wa mahameli kwenye fremu, na utepe huo ndio unaoshikwa kwa pini. Jaribu wiki mbili kabla, kwa saa nzima, ukiwa umekaa na kuinama. Taji zito huuma nyuma ya masikio baada ya dakika 40, na picha za harusi huchukua zaidi ya hapo.

Likishafika nyumbani

- Piga picha kila upande, mgongo kwanza.
- Bima ianze siku ya kulipa, si siku ya kupokea.
- Usitumie mashine ya kutikisa kwa maji kusafishia zumaridi, lulu, feruzi wala mawe yaliyozibwa nyuma. Brashi laini kavu inatosha.
- Hewa ya bahari hufanya fedha iwe nyeusi. Hifadhi kavu, mbali na chumba cha kuogea na mbali na manukato. Udi na marashi kwanza, taji mwisho.
- Kasha la asili usilitupe hata likiwa limechanika.
- Kila miaka miwili peleka kucha zinazoshika mawe zikaguliwe.

Kwa dada wa Arusha, na wenzake wote wasio na pesa bado

Wewe ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote, kwa sababu hauharakishwi na harusi. Fungua katalogi ya Geneva ya msimu ujao. Ni bure. Chagua vito 10. Kwa kila kimoja andika kwenye daftari: madini gani, mkato gani, cheti cha nani, nasaba inaishia wapi, na bei unayodhani kitafika pamoja na ada. Siku ya mnada fuatilia kwenye simu, uandike bei halisi pembeni. Pale ulipokosea sana, rudi kwenye maelezo utafute neno uliloliruka. Mara nyingi utalikuta: "inasemekana", "marekebisho", "imekadiriwa".

Rudia misimu miwili, Mei na Novemba. Na ukipata siku moja safari ya mji wenye maonyesho, ingia, salimia, uombe taji moja litolewe kabatini. Mhudumu atalileta juu ya kitambaa cheusi, limekuelekea kwa uzuri wake wote. Mshukuru, vaa glavu kama wanataka uvae, kisha mwombe ruhusa ya kuligeuza.